Wiki Inaanza Jumamosi

Daftari la Yunis lilikuwa la shule, la kurasa arobaini, na ndani yake hakukuwa na kitu ila maswali. Swali la kwanza: ukurasa wa intaneti unakaa wapi mtu akizima kompyuta? Swali la tano: kwa nini nikisahau alama moja ya kufunga, maandishi yote yanayofuata yanakuwa mekundu? Swali la kumi na saba: kwa nini kompyuta inahesabu kuanzia sifuri, nani anahesabu mbuzi wake kuanzia sifuri? Chini ya kila swali aliacha mistari minne, na jibu likija aliliandika kwa wino mwekundu, kwa hati safi ya mtu aliyefundishwa na watu wakali.

Alikuwa na miaka arobaini na nne. Miaka kumi na mitatu kati ya hiyo alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya ushirika, na hakuna barua yake iliyowahi kurudishwa kwa kosa. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha likaja soko huria, wanunuzi binafsi wakapanda milima na magari yao, ushirika ukakauka, na watu wa ofisi wakaandikiwa barua za kupunguzwa kazi. Barua hizo alizipiga yeye, na yake ikiwemo. Haikuwa na kosa hata moja.

Akalima karoti kijijini Gare miaka minne, akiwa na vidole vinavyomwasha kwa kukosa kazi. Ndipo Hashimu, kijana aliyekuwa Tanga akifanya biashara, akarudi Lushoto na kompyuta mbili, simu ya mezani na mashine ya fotokopi, akafungua chumba karibu na stendi. Alihitaji mtu wa kupiga taipu. Kila asubuhi alimwamkia Yunis shikamoo kama inavyopasa, Yunis akaitikia marahaba, kisha Hashimu akakalia kiti chake na kuanza kumtuma. Kompyuta nzuri ilikuwa yake Hashimu, na kazi yake kubwa ilikuwa kucheza karata. Ile nyingine, yenye kioo cha manjano na saa ya ndani inayolala umeme ukikatika siku nzima, ilikuwa ya Yunis.

Kutengeneza kurasa za intaneti alijifunza wiki mbili tu, kwa mwalimu mmoja wa Tanga aliyeitwa Rubeni. Wiki mbili hazitoshi kujifunza hata kufuma sweta, lakini Rubeni alikuwa mtu wa subira. Alimwambia, "Dada Yunis, ukikwama niandikie barua pepe. Swali la kijinga halipo, lipo lile usiloniuliza." Hapo ndipo daftari lilipoanza. Rubeni alijibu yote, hata la mbuzi. Na mwisho wa kila jibu aliongeza kitu kilekile: jaribu, halafu jaribu kwenye kompyuta nyingine. Yunis alilinakili hilo kwa wino mwekundu mara thelathini na kitu, lakini kompyuta nyingine ilikuwa na Hashimu mbele yake, na Hashimu alikuwa na karata.

Mwezi wa saba mwaka 2003 ikaja kazi yenyewe. Wanawake ishirini na wawili wa Gare walikuwa na kikundi chao cha mboga, na kiongozi wao alikuwa Marta, dada wa mume wa Yunis. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Ismaili, alikuwa akipeleka mboga kwenye majiko ya hoteli, na akakubali kuwajaribu mwezi mmoja. Masharti yake yalikuwa ya kisasa. Alinunua kwa vikundi vingi na hakutaka kupigiwa simu na kila kimoja. Kila kikundi kiwe na ukurasa, na karani wake, Janeth, aufungue asubuhi aone kama kuna mzigo. Ukisema upo, lori linaondoka Dar jioni ileile. Mzigo wa Gare ungeshushwa kwa miguu hadi Mazinde, chini kwenye barabara kuu, kila Alhamisi.

Basi kila Jumatano ukurasa ulitakiwa useme: Kesho kuna mzigo, tuma gari leo. Siku nyingine useme: Hakuna mzigo, subiri Jumatano. Kuubadilisha kwa mkono kila wiki kusingewezekana, maana laini ya simu ya intaneti ilipatikana siku moja na kupotea mbili. Rubeni akamfundisha kuandika skripti, yaani maagizo mafupi yanayokaa ndani ya ukurasa na kufanya kazi yenyewe mtu anapoufungua. Skripti inaiuliza kompyuta leo ni siku ya ngapi ya wiki, kompyuta inajibu kwa namba, na namba ile inachagua jina kutoka kwenye orodha ya siku saba.

Orodha hiyo Yunis aliiandika bila kumuuliza mtu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Aliikumbuka sifuri, tena aliikumbuka kwa majivuno: Jumamosi akaipa sifuri, Jumapili moja, hivyo hadi Ijumaa sita. Wiki inaanza Jumamosi. Ni swali gani hapo? Hilo anajulishwa mtoto kabla hajaota meno, na jina lenyewe linasema.

Siku aliyoijaribu mara ya kwanza ilikuwa Jumanne. Juu ya ukurasa aliweka mstari wa kujipimia: Leo ni, kisha jina la siku. Akaufungua. Ukasema: Leo ni Jumatatu.

"Saa imelala tena," Yunis alisema.

Na kweli saa ile ilikuwa na tabia hiyo. Akaifungua, akaisukuma mbele siku moja. Tarehe kamili hakuijua. Lushoto siku unaijua kwa gulio na kwa kanisa au msikiti, tarehe ni shida ya watu wa benki, na kalenda iliyokuwa ukutani ilikuwa ya mwaka juzi, imeachwa kwa ajili ya picha. Akaufungua ukurasa tena. Leo ni Jumanne. Akatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa.

Hashimu, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, akaja kutazama, akacheka. "Mama Zabroni, nani hajui leo ni siku gani? Toa huo mstari, unatuaibisha." Mstari ukatolewa. Ukurasa ukapanda kwenye intaneti.

Alhamisi ya kwanza, saa nne asubuhi, simu ililia pale ofisini. Alikuwa Marta, anapiga kutoka kibanda cha simu Mazinde.

"Wifi, gari liko wapi?"

"Halijafika?"

"Tupo hapa tangu saa moja. Jua limeshaanza kuzipika njegere. Gari liko wapi, Yunis?"

Marta hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. Hashimu akapiga Dar, akafungua spika ili wote wasikie. Janeth alipokea, sauti ya msichana mwenye adabu na haraka. Alisema jana alifungua ukurasa, ukasema hakuna mzigo. Leo ndiyo unasema atume gari.

Yunis aligeukia kioo chake. Kilisema: Hakuna mzigo, subiri Jumatano. Na jana yake, aliona kwa macho yake mwenyewe, kilisema tuma gari.

"Kwangu uko sawa," alisema.

"Mama, mimi nimeufungua. Naapa nimeufungua."

"Kwangu uko sawa, binti."

Hashimu alikata simu akiwa ameshapata mkosaji. Karani hakufungua ukurasa jana, sasa anatafuta pa kujifichia. Akampigia Bwana Ismaili mwenyewe na kumweleza hivyo, kwa maneno makali zaidi ya yale yaliyotosha. Ismaili alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba hana muda wa kubishana. Jumatano ijayo ataufungua ukurasa kwa mkono wake, na Janeth amesimama pembeni. Ukisema kuna mzigo, basi karani ni mwongo na ataondoka siku hiyohiyo. Ukisema hakuna, Gare waondoke.

Kule Mazinde wanawake waliuza kidogo kwa abiria wa mabasi. Njegere nyingine ziligeuka rangi ndani ya matenga, na hakuna mtu anayepanda mlima ule na tenga lililojaa njegere zilizoiva kwa jua. Walizimwaga kando ya barabara, mbuzi wa watu wakala. Marta peke yake alimwaga matenga mawili.

Siku tatu Yunis alitembea roho juu juu. Aliusoma ukurasa wake mstari kwa mstari, alama kwa alama, kama alivyokuwa akisoma barua za meneja. Kosa halikuwepo. Kila alipokumbuka sauti ya yule binti, naapa nimeufungua, alijiambia kwamba watu wa Dar huapa ovyo. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara iliuma zaidi.

Jumatatu laini ilipatikana. Akamwandikia Rubeni swali la arobaini na moja: inawezekanaje ukurasa mmoja useme hivi kwangu na vile kwa mwingine? Jibu lilikuja saa nane mchana, fupi.

"Dada Yunis, kabla sijajibu. Barua yako imenifikia leo Jumatatu, lakini juu yake imeandikwa kwamba umeituma Jumanne. Barua zako zote za majuma haya mawili zimeandikwa kesho. Nilidhani unanitania. Saa ya kompyuta yako inasema nini?"

Yunis alisoma mara mbili.

"Hashimu," alisema, "niachie kiti."

"Nimebakiza karata tatu tu, mama."

"Niachie kiti!"

Hashimu aliinuka, hajawahi kusikia sauti ile. Yunis akachukua disketi yenye nakala ya zamani, ile yenye mstari wa kujipimia, akaiingiza kwenye kompyuta nzuri, hatua tatu kutoka pale alipokaa siku zote. Kioo kikasema: Leo ni Jumapili.

Jana yake alikuwa kanisani. Alikuwa ameimba.

Hakuhitaji tena kuambiwa, lakini aliuliza, kwa kuwa safari hii aliogopa kutouliza. Swali la arobaini na mbili: wiki ya kompyuta inaanza siku gani? Rubeni akajibu: Jumapili. Sifuri ni Jumapili. Kuanzia hapo yote yakaonekana, moja baada ya jingine. Orodha yake ilikuwa nyuma siku moja tangu ilipozaliwa. Siku ile ya Jumanne ukurasa ulipokosea mbele ya macho yake, saa ilikuwa sahihi, haikulala hata kidogo. Yeye ndiye aliyeisukuma hadi ikaongopa sawasawa na orodha, uongo mmoja ukaufunika mwingine, na akauita usahihi. Kwake peke yake. Popote pengine chini ya jua, Jumatano ilikuwa Jumanne.

Kulirekebisha kosa kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Aliitoa Jumamosi mwanzoni mwa orodha, akaipeleka mwisho. Akairudisha saa mahali pake. Halafu, kama mtu anayetumikia kifungo, akazipitisha kompyuta zote mbili kwenye siku saba, akiisogeza tarehe siku moja moja na kuufungua ukurasa upya kila mara. Mara kumi na nne. Saa kumi na moja laini ilishika kwa jaribio la tatu, na ukurasa mpya ukapanda.

Hashimu alishusha pumzi. "Basi tumepona. Keshokutwa Ismaili anafungua, anakuta sawa."

"Na Janeth?"

Hashimu alitazama dirishani.

"Anafukuzwa, Hashimu. Ukurasa ukisema kweli, yeye anakuwa mwongo."

"Mama Zabroni, mimi nina biashara hapa, na wewe una wifi zako kule. Huyo hatumjui hata sura. Funga mdomo siku mbili tu. Ukisema sasa, tunaondoka sote, na atakayekuletea tena kazi ya ukurasa sijui atatoka wapi."

Ubaya wa maneno ya Hashimu ni kwamba hayakuwa ya kipumbavu. Yunis alirudi nyumbani nayo, akala nayo, akalala nayo, na asubuhi ya Jumanne badala ya kwenda stendi alishika njia ya Gare.

Alimkuta Marta anapalilia. Wakazungumza Kishambaa, maana mambo ya nyumbani huko hayasemwi kwa Kiswahili. Yunis alisema yote akiwa amesimama: orodha, saa, sifuri, na ile kauli yake kwamba kwake uko sawa. Marta hakuacha kupalilia. Mambo ya sifuri hayakumhusu. Alipofika mwisho wa tuta akauliza:

"Siku ile ukurasa uliposema Jumatatu na ilikuwa Jumanne, mbona hukumuuliza mwalimu wako?"

"Niliona najua."

"Wewe, unayeuliza mpaka mbuzi."

Yunis aliinama, akaanza kuokota magugu aliyoyaacha Marta.

"Huyo msichana ana watoto?"

"Sijui."

"Nalo hukuuliza." Marta aling'oa gugu kwa mkono, akalitupa. "Tukisema, gari huenda lisije."

"Huenda. Nimekuja kwako kwa sababu njegere ni zenu, si zangu."

Marta alijipangusa udongo kwenye khanga. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Mimi nilimlaani yule mtoto njia nzima ya kupanda, kila hatua, nikiwa na tenga tupu kichwani. Mungu anisamehe. Na wewe nawe hukumtetea hata kwa neno moja. Twende kwenye simu."

Ofisini Hashimu alisimama mbele ya simu na kusema kwamba simu ni yake. Marta alimwangalia kuanzia viatu.

"Mgosi," alisema, akimwita bwana kwa Kishambaa, "sogea."

Hashimu akasogea.

Yunis alizungumza na Bwana Ismaili akiwa wima, kama alivyokuwa akisimama mbele ya meneja, ila safari hii akiwa na barua yenye kosa. Hakutia chumvi wala hakupunguza.

"Kwa hiyo karani wangu aliufungua."

"Aliufungua, bwana. Alisoma kilichoandikwa."

"Na wewe ukasema kwako uko sawa."

"Kwangu ulikuwa sawa. Hilo ndilo kosa lenyewe."

"Sasa umeshausahihisha. Kesho nisingejua kitu. Kwa nini unanipigia?"

"Kwa sababu kesho ungekuta uko sawa, ukamfukuza."

Akasikia mtu anafunga mlango. "Umenipotezea wiki, mama," Ismaili alisema, na simu ikakatika.

Jumatano hakuna aliyepiga. Yunis aliinua mkono wa simu mara kadhaa kuhakikisha laini ipo. Ipo. Saa kumi Marta akatuma mtu kuuliza, wachume au wasichume? Njegere ikichumwa imechumwa, hairudi kwenye mti. Yunis akajibu kwamba hajui, na Marta akarudisha neno moja: tunachuma.

Alhamisi Yunis aliteremka nao, na tenga lake kichwani kama wengine. Miaka ya kukaa kwenye kiti ilimuuma shingoni kabla hawajafika nusu ya njia. Saa moja walikuwa Mazinde. Wakayapanga matenga upande wenye kivuli, wakayafunika magunia yaliyoloweshwa, wakakaa. Saa mbili yakapita mabasi. Saa tatu kivuli kikaanza kuwakimbia, wakayasogeza matenga. Mbuzi wale wale wa wiki iliyopita wakaja, wakasimama mbali kidogo, wakingoja. Mwanamke mmoja akawarushia jiwe.

Saa nne kasoro lori jeupe lilipunguza mwendo, likapita, likasimama mbele, likaanza kurudi nyuma.

Wanawake waliinuka kwa pamoja. Dereva akashuka, akawaamkia wakubwa, akaomba radhi kwa pancha ya Korogwe, kisha akauliza nani Mama Yunis. Akampa karatasi ya oda. Njegere matenga ishirini na nane, koliflawa kumi. Chini ilikuwa imesainiwa na Janeth, karani, na chini ya sahihi, kwa kalamu, kulikuwa na mstari mmoja:

"Shikamoo mama. Leo ni Alhamisi."

Yunis alikaa juu ya tenga, akalia mbele ya wifi zake wote bila kujifunika uso. Marta akauliza kimeandikwa nini. Yunis akasema ni salamu. "Basi ondoka juu ya njegere zangu," Marta alisema, "zipakiwe."

Ijumaa asubuhi, kabla Hashimu hajafika na shikamoo yake, Yunis aliurudisha juu ya ukurasa ule mstari uliotolewa, Leo ni, na jina la siku. Akaujaribu kwenye kompyuta zote mbili. Kisha akafungua daftari lake, akaandika swali la arobaini na tatu: nikimkosea mtu kwa simu, mbele ya watu, naruhusiwa kumwomba radhi kwa barua pepe?

Hilo hakumtumia Rubeni. Aliinua simu, akapiga Dar.